Upawa Mmoja kwa Kila Mteja

Mgeni siku ya kwanza mpe bei, siku ya pili mpe ankara. Jembe baki nalo mwenyewe, maana hata jembe lina gharama ya uchakavu.

"Rudia," mwalimu alisema.

Mwanafunzi akarudia, pipi ikimzunguka shavuni. Alikuwa amekaa juu ya rundo la magodoro ya akiba, miguu ikining'inia bila kufika sakafuni. Darasa lenyewe lilikuwa stoo ya mashuka ya hoteli, imetiwa meza moja na ubao mweupe. Dirisha lilikuwa na nondo. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa mwalimu, sambamba na miwani.

Familia ilikaa kikao bila yeye. Wakakubaliana kwa kauli moja kwamba asikanyage jikoni wala ukumbi wa chakula mpaka aelewe fedha za hoteli zinaingiaje na zinatokaje. Kosa lake lilijulikana mpaka kwa muuza mkaa: mkono wake ulikuwa wazi mno. Sahani iliyopangiwa upawa mmoja wa mchuzi yeye aliimiminia pawa mbili, na mgeni akisifia, anaongezwa wa tatu. Hoteli ikawa inajaa watu, droo ya fedha inajaa hewa.

"Humu ndani hakuna undugu," mwalimu alitangaza tangu somo la kwanza. "Mimi mwalimu, wewe mwanafunzi. Ukifaulu, unarudi ukumbini. Ukifeli, mjomba anakuja na gari lake kukuchukua, ukachunge kuku shamba."

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mtihani, na gari la mjomba lilikuwa tayari uani. Mwenyewe amelala usukanini, kofia usoni, mdomo wazi.

Mwanafunzi alilitazama gari lile kama mtu anavyotazama jeneza lililochongwa kwa kipimo chake. Shamba kuna hewa safi, walimwambia. Hewa safi ya nini? Yeye alizoea hewa ya vitunguu na moshi, kelele za sahani, watu wanaoingia na vumbi la safari wakiuliza kama kuna chochote cha moto. Kuku hawaulizi kitu.

Kwa hiyo alisoma. Alisoma kwa hasira, akichora maua pembeni mwa karatasi.

"Hoteli ikiwa tupu, mshahara wa mlinzi?"

"Uko palepale. Mlinzi hali kwa idadi ya wageni."

"Chumba kikilala bila mtu?"

"Kimeoza kama ndizi. Usiku wa jana hauuziki leo."

Mwalimu aliinamisha kichwa ili tabasamu lisionekane. Maswali yaliendelea, na majibu yakaja moja baada ya jingine, mpaka likabaki swali moja tu. Hapo akajimiminia maji, akanywa taratibu. Ungedhani anayetahiniwa ni yeye.

Mvua ilikuwa imeanza. Kupitia nondo, mwanafunzi aliona mafundi wa nguzo za umeme wakiingia ukumbini, maji yanawachuruzika, midomo imepauka kwa baridi. Mpishi aliwapakulia kama alivyoagizwa na mwalimu, bosi wake: upawa mmoja, akaufuta ukingoni mwa sufuria, upawa mmoja, akaufuta. Walimaliza kula kabla viti havijapata joto. Mmoja wao, pande la mtu, alichungulia huku na huku, kisha akaifuta sahani kwa kidole na kukilamba.

Mwanafunzi akaitafuna pipi yake yote, kwa mpigo.

"Mwalimu, naomba kwenda msalani."

Mwalimu alimkazia macho, akafungua mlango. Alimwonya asipotee njia.

Akaipoteza kwa makusudi. Mpishi alipomwona anaingia jikoni, aliukumbatia upawa kifuani kama mtoto mchanga.

"Bosi ataninyonga," akanong'ona.

"Atakunyonga kesho. Leo nipe huo upawa."

Alizunguka meza kwa meza na sufuria kiunoni, akipakua bila kuuliza. Aliyesema ameshiba aliongezwa kwa kusema uongo. Pande la mtu lilipewa hadi mchuzi ukamwagika mezani, akacheka, wenzake wakacheka, na kwa kitambo kidogo ukumbi ukasahau mvua.

Kisha kicheko kikakatika. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni.

Hakupiga kelele; heri angepiga. Alisema kwamba mtihani ulikuwa umeshafauliwa, limebaki swali moja, na hata hilo angelilegeza. Akauliza hoteli ikifungwa wote watalala wapi. Mwisho akasema yuko radhi kufumba macho. Anachotaka ni neno moja tu la kuomba radhi, hapa hapa, mbele ya wateja, asikie kwamba somo limeingia. Vinginevyo atamwamsha mjomba.

Mjomba alikuwa ameshaamka. Injini ya gari ilikohoa uani, ikawaka.

Mpishi alimkonyeza mwanafunzi: sema, sema yaishe. Mafundi wa umeme waliinamia sahani zao kama watu waliokutwa wanaiba. Mchuzi ulidondoka kutoka kwenye upawa hadi sakafuni, tone, tone.

Mwanafunzi aliuchovya upawa hadi chini ya sufuria, akaijaza sahani ya fundi wa mwisho, ndipo akageuka.

"Siombi radhi, mwanangu," akasema. "Nilikunyonyesha mpaka ukaliacha titi mwenyewe. Sikukupimia. Siombi radhi."