Hodi ya Tatu

Tamthilia ya Severo, mnyonya damu, ilikatizwa runingani, naye Sikudhani msusi akaiendeleza mwenyewe, kipande kimoja kwa siku, kwenye simu za wateja wake. Sasa ni siku ya tatu Severo amesimama mlangoni kwa Lidia, mke aliyemwacha, maana mnyonya damu haingii mpaka akaribishwe.

"Jamaa ataota mizizi pale, shoga," alisema Mama Rukia, kichwa nusu kimesukwa. "Lidia amkaribishe, yaishe."

"Amnyonye tena?" Nuruana alidakia kutoka kwenye benchi. "Alivyoondoka alimwachia damu ya kijiko."

"Ndoa gani haina kunyonyana, mwanangu?"

Walicheka. Sikudhani naye alicheka, ila chanuo lilimponyoka. Tangu juzi, mume aliyemtelekeza miaka minne alipotuma ujumbe kwamba yuko njiani, hakuandika mstari wala kutulia.

"Wewe mwandishi, Lidia kaamuaje?" aliuliza Nuruana.

"Kaniambia nisimharakishe."

"Hodi," ilisema sauti ya kiume nyuma ya pazia la mlango. Sikudhani aliijua.

Mama Rukia alifungua kinywa kuitikia, kama ilivyo ada. Kiganja cha Sikudhani chenye mafuta ya nywele kikamziba.

"Hodi," ilirudia sauti, taratibu.

Nuruana alimtazama Sikudhani, akaelewa. Chini ya pazia vilionekana viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Hodi hupigwa mara tatu, kisha mgeni muungwana hujiondokea. Sikudhani alikuwa amekunja vidole viwili, cha tatu bado kimesimama.