Mguu wa Kreni

Kim alipofungua macho, mama yake alipiga magoti kando ya kitanda akamshukuru Mungu. Wanyonyi naye alishukuru, tena kwa sauti, lakini moyoni alitamani yale macho yafumbwe tena. Papo hapo akajichukia.

Tangu ajali hakuwa amekosa kufika wodini. Alimletea mama yake Kim, Mama Bilha, uji, akampangusa Kim uso kwa kitambaa chenye maji. Mama huyo, aliyetoka Kitale na kulala kwenye benchi la hospitali hapo Bungoma, alimwambia kila mgeni, "Huyu ndiye dereva wa kreni wanafanyanga kazi na yeye. Hata ndugu wa tumbo moja hangefanya hivi." Kila aliposifiwa, Wanyonyi aliona aibu kama anayevuliwa shati sokoni.

Maana ukweli aliujua yeye peke yake. Siku ile, kule Chwele, walikuwa wakiinua jenereta ya mama mmoja, Nabwile, mwenye posho mill ya kusagia mahindi, waipitishe juu ya ukuta. Mkono wa kreni ukirefuka, nguvu zake hupungua. Hilo kila dereva analijua, na jedwali la uzito limebandikwa mbele ya kiti chake. Ilifaa wakunje miguu ya kreni, vile vyuma vinavyoizuia isipinduke, wasogee karibu na ukuta, waisimike upya. Lakini kazi nyingine iliwangoja Misikhu, na uvivu ni mshauri mwepesi. Akaurefusha mkono. King'ora cha uzito kikalia. Akakizima kwa ufunguo kama walivyozoea madereva wenzake, eti kitu hicho hulialia ovyo kama mtoto aliyedekezwa.

Mkono ukakunjika. Jenereta iliangukia ukuta, ukuta ukamwangukia Kim, aliyekuwa chini akimwongoza kwa ishara.

Kim alipokwisha kukimbizwa hospitali, Wanyonyi aliikagua miguu yote minne ya kreni akitafuta kitu kingine cha kulaumu. Yote ilikaa imara juu ya mbao zake, haijazama hata unene wa kidole. Basi akaurudisha ufunguo wa king'ora mahali pake, na kreni ikavutwa hadi yadi ya kampuni, Kitale, kabla mtu mwingine hajaichunguza.

Bosi wao, Gikonyo, hakutaka maneno mengi. "Nangoja Kim aongee," alisema. "Mwenye makosa ataenda nyumbani, na asitegemee kampuni imtibu."

Sasa Gikonyo alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Wanyonyi hakuwa amelala vizuri tangu siku ile. Njiani, juu ya bodaboda, alikuwa ameyakariri maneno: nilikizima king'ora, kosa ni langu. Hakutaka kumwachia mgonjwa kazi ya kumshtaki.

"Kim," alianza, "kabla hujasema kitu, mimi niko na neno."

"Hapana, Wanyonyi. Wacha nianze." Kim alimeza mate kwa taabu. "Nisamehe, bana. Yule mama wa posho mill aliniambia ati hapo kando kulikuwa na choo, kikafukiwa. Mimi nikaweka mguu wa kreni hapo hapo juu. Sikukuambia. Nilijua utasema tusonge, na tulikuwa na haraka. Wewe huwa unaangalia uzito vizuri, haiwezi kuwa uzito. Ni ule mguu ulizama. Ni mimi karibu nikuue."

Akaanza kulia, polepole, kama mtu asiye na nguvu hata za kulia.

Gikonyo alishusha pumzi. Akamgeukia Wanyonyi.

"Wewe ulikuwa na neno gani?"

Wanyonyi alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale pale ulimini, yamepangika. Akaliangalia blanketi, lilivyolala bapa upande wa kushoto, mahali ambapo mguu wa Kim ungekuwa.

Mama Bilha alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Msamehe, mwanangu," akamsihi. "Wewe uko na roho nzuri. Msamehe tu."

Wanyonyi aliinama, akamwekea Kim kiganja kwenye paji la uso.

"Nimekusamehe, Kim," akasema.