Bangili ya Sekela

Kila anayetimiza miaka saba huvishwa bangili inayosoma hofu mwilini. Ikiwa kijani, ametulia. Ikiwa nyekundu, sheria inawataka wote waliomo nyumbani wanyamaze mpaka irudi kijani.

Ya Lukelo haikuisha kuwaka nyekundu. Utotoni mwake, mlango ulipobamizwa, baba yake alikuwa ameingia na mkanda mkononi. Mzee yule alishakufa, lakini hata upepo ukibamiza dirisha, moyo wa Lukelo hukimbia. Ndiyo maana binti yake, Sekela, alijifunza kufunga milango kwa mikono miwili na kuweka vijiko mezani bila mlio. Wageni walimsifu kwa adabu.

Leo Sekela ametimiza miaka saba. Mama yake alimvisha bangili, akaenda jikoni kupakua pilau. Mfuniko wa sufuria ukamponyoka, ukaanguka kwa kishindo.

Lukelo aliutazama mkono wake. Kijani. Mwaka mzima wa kutibiwa hofu kliniki haukwenda bure.

"Umeona, mwanangu? Baba amepona."

Sekela alikuwa ameficha mkono chini ya meza, na mwanga mwekundu ulikuwa unapenya kitambaa cheupe cha meza.