Zamu ya Jua

Kila kipupwe, jua lilipofifia nyanda za juu, sheria ililitenga lote kwa paneli za umeme. Zilifunika ua wa Atukuzwe hadi kizingitini. Asubuhi hiyo alitandika kanga juu ya paneli, akamlaza mwanawe wa siku sita, macho yake ya njano kama binzari.

Mkaguzi wa paneli alikuja mbio. “Mama, mtoe! Zamu yako ya kuota jua ni Septemba.”

“Nesi kasema aoteshwe jua leo. Hayo macho huyaoni?”

“Unapunguza umeme wa watu!”

“Kwani huyu ni nini, mbuzi? Sogea, baba, unamzibia jua!”

Mkaguzi hakusogea. Kivuli chake kilibaki kimelala juu ya kifua cha mtoto.