Mizani ya Stesheni

Treni zilipoacha kupita, Shigela, karani wa mizigo, aliendelea kuja stesheni kila asubuhi. Mizani yake ilikuwa ya pekee eneo lile, na akina mama walileta watoto kupimwa. Uzito wao aliuandika ukutani kwa chaki, chini ya hesabu za zamani za magunia ya pamba.

Siku moja lori la vyuma chakavu lilikuwa limeshapakia reli zote. Ilibaki mizani. Shigela aliwaomba wapakiaji wangoje, maana Nyamizi alikuwa amefika na mwanawe mgongoni.

Mtoto alilazwa juu ya mizani. Hakulia. Mwezi uliopita alikuwa kilo saba; sasa mshale ulisimama kwenye tano na nusu. Shigela akamtazama yule mama, ambaye hakujua kusoma na alikwisha kuzika wawili. Akaandika nane.

"Ameongezeka, baba?"

"Ameongezeka, mwanangu."

Dereva wa lori aliutazama mshale, kisha ukuta. Akakohoa. "Dada, sisi tunapita hospitali ya wilaya. Panda mbele, nauli hatutaki."

Nyamizi akacheka, akamfunga mtoto mgongoni. "Hospitali ya nini, kaka, na mtoto ameongezeka?"

Akaondoka kwa njia ya treni, akikanyaga mataruma ya mbao yaliyobaki bila reli. Shigela alisimama na chaki mkononi. Nyuma yake wanaume wanne waliinua mizani, na mshale ukawa unayumba huku na huku.