Ile Kesi ya Getini

Mmoja wa mapacha alikuwa anatafuna kitambulisho cha mgeni, na hakuna aliyemzuia. Akina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi la korido, watoto magotini, watoto sakafuni, mmoja amelala kifudifudi njiani kabisa. Karani wa kamati alipita, akaruka mguu mdogo, akaguna.

"Mwacheni agune," alisema Mama Mapacha. "Hata yeye alizaliwa."

Wazo la kuja na watoto lilikuwa lake. Waheshimiwa wawaone kwa macho, alisema, wote waliozaliwa nyumbani, wazima, wenye mashavu. Katibu wa chama chao cha akina mama hakupinga. Alikuwa na lake moyoni. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akamfuta kamasi mtoto wa mtu, akaenda tena dirishani.

"Katibu, utatutoboa sakafu. Kaa."

"Nimekaa vya kutosha mwaka huu."

Ni kweli alikuwa amekaa: kwenye mabenchi ya ofisi za wabunge, kwenye sebule za wake zao, kwenye ngazi pale alipokosa benchi. Leo kamati ya afya ingeamua kama muswada wao uende bungeni au ukafie kabatini. Ukipita, mkunga wa nyumbani atasomea kazi yake, atapewa leseni, na mambo yakiharibika ataingia hospitali na mama anayemzalisha, aseme kila alichofanya. Usipopita, ni yale yale. Mkunga akikamatwa ni jela, kwa hiyo mambo yakiharibika anamshusha mama getini na kutokomea kabla mlinzi hajamwuliza jina.

Mama Mapacha alisogea, akashusha sauti. "Mimi naomba jambo moja tu. Ile kesi ya getini isitajwe. Yule daktari anayetupinga akiitaja, tumekwisha."

"Ataitaja."

"Sasa tutajibu nini?"

"Niachieni mimi."

Mama Mapacha hakuridhika. Kila mtu aliijua ile kesi, ingawa mahakama ilificha jina la mama. Ndiyo iliyouzika muswada mara ya kwanza.

Mwisho wa benchi alikaa mama wa makamo ambaye Katibu alimwita Shangazi. Wengine walikuwa hawajawahi kumwona. Watoto walimzunguka pande zote, lakini hakumpakata hata mmoja, na kila askari alipopita yeye alisimama wima.

"Shangazi, kaa tu," Mama Mapacha alimtania. "Huyo ni askari wa mlango, si bwana harusi."

Shangazi alitabasamu kidogo, akakaa ukingoni. Mama Mapacha akamgeukia Katibu. "Ni shangazi yako wa damu?"

"Ni mtu wangu," alijibu Katibu, akaenda kuketi karibu naye.

"Mwanangu, mimi nibaki huku nje," Shangazi alinong'ona. "Nitasema nini mbele ya wakubwa wale?"

"Utasema ulichoniambia mimi."

"Na wakinifokea?"

"Watatufokea wote wawili." Katibu alimshika mkono.

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa.

Mambo yalianza vizuri kuliko walivyotarajia. Pacha wa pili alikojoa kwenye zulia, mwenyekiti wa kamati akacheka mpaka akavua miwani, na mbunge mmoja mkali akaonekana anamchezea mtoto kwa vidole chini ya meza. Mama Mapacha alieleza jinsi alivyojifungua chumbani kwake, mumewe akiwa amejifungia jikoni kwa woga. Kamati ikacheka tena. Katibu hakucheka. Alikuwa anamtazama daktari wa hospitali kuu akiweka sawa miwani yake, akingoja zamu.

Daktari hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtisha Katibu. Alizungumza polepole, bila kumdharau mtu.

"Watoto hawa wamenifurahisha," alisema. "Lakini mimi nataka kumzungumzia ambaye hayupo. Mnaikumbuka kesi ya getini. Sikuwa zamuni, ila wenzangu walinieleza. Mlinzi alimkuta mwanamke kwenye mvua, hajitambui. Mkunga alikwisha kukimbia. Amepewa dawa gani? Uchungu umeanza lini? Hakuna wa kutuambia. Tulikisia, na tulikisia vibaya. Mama tukampata, mtoto tukamkosa."

Mama Mapacha alimkumbatia mwanawe kwa nguvu mpaka mtoto akalia.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, waheshimiwa," daktari aliendelea. "Basi naomba mmoja wa akina mama hawa aniambie. Ni nani kati yenu atakayekwenda kumtazama yule mama usoni, amweleze kwamba mnataka mkunga kama yule apewe leseni?"

Mwenyekiti aliwatazama akina mama mmoja mmoja. Wote waliangalia zulia. Mbunge mkali alikwisha kurudisha mikono yake juu ya meza, na kalamu yake ilikuwa imefunguliwa.

Katibu alisimama. Ajabu ni kwamba miguu iliyokuwa haitulii tangu asubuhi sasa ilitulia.

"Hana haja ya kuelezwa, daktari. Yule mama ni mimi," alisema, akamnyanyua Shangazi taratibu kutoka kitini. "Na huyu ndiye aliyeniacha getini. Ametoka jela juzi, nikamwomba aje awaambie kile alichoogopa kuwaambia siku ile."