Pua ya Daktari

"Mzee, toa mkono mdomoni," daktari alisema. "Nataka nikunuse."

Tangu afiwe na mkewe, miaka mitatu sasa, Nestory alikuwa haongei na mtu bila kuziba mdomo kwa kiganja. Marehemu ndiye pekee aliyekuwa akimsogelea bila kugeuza uso. Fizi zilikuwa zikimtoka damu na usaha, na harufu yake aliijua mwenyewe. Hata mjukuu wake wa kwanza, aliyezaliwa Buswelu kabla ya Pasaka, alikuwa hajathubutu kumpakata.

"Wakubwa waliweka dirisha la kulipia matibabu, mke wangu akafia kwenye foleni yake," alinung'unika nyuma ya kiganja. "Siku hizi mnanusa watu bure?"

"Huu ni utafiti, mzee wangu. Toa mkono."

Akautoa. Daktari akainama mpaka pua yake ikakaribia kabisa midomo ya mzee, akavuta pumzi taratibu. Nestory akafumba macho, akingoja ageuke kama walivyogeuka wote.

Hakugeuka. Alivuta tena, kisha akaandika.

"Harufu yako sasa ni alama moja, mzee. Kabla hatujaanza kukusafisha fizi uliandikiwa nne, na ile mbaya kabisa ni tano."

Nje, kwenye benchi, binti yake alikuwa ameshika mtoto. "Vipi, baba?"

Kiganja kikapanda chenyewe kuelekea mdomoni. Kikafika kidevuni, kikasita. Kisha mzee akanyoosha mikono yote miwili.

"Mlete huku," alisema. "Nimnong'oneze jina la bibi yake."